Sindano ya eksosomu haioteshi mapafu mapya

"Daktari, nasikia kuna sindano ya eksosomu, inaotesha mapafu upya." Kliniki ya kifua hapa Malindi nimelisikia hili mpaka nimechoka. Huletwa na wazee waliovuta sigara ujana wote, na akina mama waliopikia kuni jikoni pasipo dirisha, kila mmoja na video aliyotumiwa kwa simu. Linaniuma kwa sababu mtu yuko tayari kuuza shamba la minazi kwa ajili yake.

Eksosomu ni vifuko vidogo mno, nanomita 30 hadi 150 hivi, na karibu kila seli mwilini huvitoa. Hubeba protini, mafuta na RNA (ujumbe wa jeni) kutoka seli moja kwenda nyingine. Kilichomo hutegemea seli iliyovitoa na hali yake, na hapo ndipo wauzaji wanaponyamaza. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vifuko vya neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, za wagonjwa wa COPD (ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa mapafuni) hubeba kimeng'enya cha elastasi juu ya utando wao. Kimeng'enya hicho hukata nyuzi za mapafu, na kikishika pale, alfa-1 antitripsini, protini ya mwili inayotukinga nacho, haikiwezi. Panya waliotiwa vifuko hivyo waliharibika mapafu. Eksosomu, basi, zaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe!

Eksosomu za seli shina za mesenkaima, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zimetuliza uvimbe mapafuni mwa wanyama wa maabara, na majaribio kwa binadamu yanaendelea. Nayafuatilia kwa matumaini makubwa. Lakini kutuliza uvimbe si kujenga tena kuta za mapafu zilizokwisha kulika. Desemba 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa za eksosomu, ikasema haijaidhinisha hata moja.

Wengine husema eksosomu ni seli shina ndogo. Si seli: hazina kiini wala hazigawanyiki.

Eti kupima eksosomu zilizomo kwenye damu kumeshachukua nafasi ya CT (picha ya kompyuta ya kifua) na biopsi (kukata kipande cha nyama kukipima) kwa saratani ya mapafu? Utafiti upo, ila mimi bado nitakutuma CT.

Uvumi mwingine ni wa pampu ya pumu: "Pampu humzoesha mtu." Haizoeshi. Anayeishika ile ya buluu, ya kufungua njia ya hewa, kila siku, pumu yake haijadhibitiwa, anahitaji ya steroidi ya kuzuia. Na wengi wanaolalamika haifanyi kazi, dawa yote huishia ulimini. Mama mwenye mtoto wa pumu, ili dawa ifike mapafuni, chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako, tundu likaze mdomo wa pampu pasibaki upenyo. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano taratibu, ndipo ubonyeze tena. Ikiwa ni ile ya steroidi, asukutue na kutema.