Kila baada ya saa tatu, au mtoto akitaka?

Mama mmoja alinijia na daftari. Kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula: saa kumi na mbili, saa tatu, saa sita, saa tisa, na mbele ya kila saa dakika alizonyonya mtoto, titi la kulia na la kushoto. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Katikati ya mistari palijirudia neno moja: "analia". Nikamuuliza kwa nini hakumpa titi wakati huo. "Muda ulikuwa haujafika, nesi."

Sikuwa na haki ya kumlaumu. Nilipoanza kazi ya ukunga, baadhi ya wakubwa zangu wodini walifundisha hivyohivyo, nami nikayapeleka maneno yao kwa akina mama bila kuyahoji. Ratiba ina historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Emmett Holt wa New York aliwapangia watoto saa za kula, na Truby King wa New Zealand, aliyeanzisha chama cha ustawi wa watoto mwaka 1907, alitaka wanyonyeshwe kila baada ya saa nne na usiku wasipewe kitu. Hawakuwa watu wabaya. Watoto walikuwa wakifa kwa kuharisha, na madaktari wengi waliamini kwamba kulisha kupita kiasi ni mojawapo ya sababu.

Walichokosa ni kuelewa jinsi titi linavyofanya kazi. Titi hutengeneza maziwa muda wote, lakini kasi yake hubadilika: likiwa limejaa hupunguza, likinyonywa likalegea huongeza. Maziwa yanayobaki ndani ni kama taarifa kwamba mteja hayupo. Ukimngojesha mtoto mwenye njaa mpaka saa ifike, matiti yanajaa, nayo yanapokea ujumbe wa kupunguza. Baada ya siku kadhaa mama anasema maziwa yamekauka. Kumbe ameyapunguza mwenyewe kwa kufuata maelekezo.

Tena akina mama hawalingani. Watafiti wa Australia walipima kiasi cha maziwa ambacho titi moja linaweza kuhifadhi kwa wakati mmoja, wakakuta tofauti kubwa mno: kuanzia kama mililita 80 hadi kama 600. Ukubwa wa titi kwa nje haukuambii, maana sehemu kubwa ya umbo hilo ni mafuta. Sasa piga hesabu. Mtoto anayenyonya tu, wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita, huhitaji takriban mililita 750 hadi 800 kwa siku. Mama wa mililita 80 akifuata ratiba ya kila saa nne bila usiku, yaani akinyonyesha matiti yote mawili mara tano kwa siku, mtoto hawezi kupata zaidi ya 800 hata akikamua tone la mwisho. Na watoto hawakamui tone la mwisho. Kwa wastani huacha karibu theluthi. Inabaki kama 530. Mama wa mililita 600 kwa ratiba ileile hana shida yoyote, na ndiye atakayemwambia mwenzake, "Mbona wangu alizoea?" Anasema kweli. Ila hajui kwamba anazungumzia matiti yake, si ratiba.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihimiza mtoto anyonyeshwe kila anapotaka. Mwaka 2018 maneno yakanyooshwa zaidi: mama asaidiwe kuzitambua dalili za njaa na kuziitikia. Napenda badiliko hilo, kwa sababu wengi walielewa "anapotaka" kuwa ni "anapolia". Kilio huja mwishoni. Kabla yake mtoto hujinyoosha, hufungua mdomo, hugeuza kichwa akitafuta, hunyonya vidole. Akishalia kwa hasira, ulimi unapanda juu na kumweka vizuri kwenye titi kunakuwa kazi; inabidi umbembeleze kwanza.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo naitaka saa, tena naitaka sana. Ni kwa mtoto mpole. Kichanga mwenye umanjano, njiti, aliyezaliwa na uzito mdogo au ambaye hajarudisha uzito wa kuzaliwa anaweza kulala kwa sababu hana nguvu, na familia nzima ikamsifu kwamba hasumbui. Huyo usimngoje atake. Mwamshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia: mvue nguo, mbadilishe nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Kichanga wa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akishuka chini ya 8 katika wiki za mwanzo, naanza kuuliza maswali. Asipoamka vizuri au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo saa ninayoikubali ni ya kumwamsha aliyelala, kamwe si ya kumnyima aliyeamka.

Usingizi wa mama? Hapo ratiba ina hoja. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulikuta akina mama wa ratiba wakilala vizuri zaidi na kujiamini zaidi. Uliwakuta pia watoto wao wakipata alama ndogo kidogo katika majaribio ya akili baadaye, ingawa uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ratiba ndiyo chanzo. Ninachowaambia ni kwamba prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Usiku usiufute, tafuta mtu wa kukushikia mtoto mchana ulale.

Anayetumia chupa naye asome dalili zilezile. Mtoto akigeuza uso ameshiba, hata kama zimebaki mililita 30.

Yule mama nilimwomba ahesabu mambo mawili tu: mara ngapi amenyonya kwa saa 24, na nepi zenye mkojo, ambazo baada ya siku ya tano zinapaswa kufika 6 au zaidi. Daftari hakuliacha. Aliporudi, safu ya dakika ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika idadi ya nepi za jana: 7.