Kikosi cha Agosti na kikosi cha Mei ni vitu viwili tofauti

Tarehe 29 Agosti 2021 nilitoka uwanja wa Mkapa kabla ya filimbi ya mwisho. Zanaco ya Zambia walikuwa wametupiga sisi Yanga 2-1 kwenye sherehe yetu wenyewe, Wiki ya Mwananchi, tamasha la kutambulisha kikosi kabla ya msimu, jezi mpya nimeivaa bado inanukia dukani, na kwenye daladala ya Rangi Tatu nikafungua grupu la washikaji nikaandika kwamba usajili wote ni magarasa matupu, nikawataja mmoja mmoja, Aucho, Djuma, Bangala, Mayele, wote, nikamalizia kwamba hata nafasi ya nne hatupati. Asa nyie mnajua kilichofuata. Ile timu ilimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja, ikachukua ubingwa wa kwanza tangu 2017, ikabeba na kombe la FA, na Mayele, straika niliyemuita garasa, akamaliza na mabao 16, moja tu nyuma ya George Mpole wa Geita Gold. Skrinshoti yangu ipo mpaka leo, kila Agosti shemeji yangu (Simba damu) anaitoa anaipangusa vumbi.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa siyo ya mtaalamu, ni ya mtu aliyeaibika. Nimekusanya zile kauli tunazozirudia kila mwaka baada ya mechi ya tamasha, nikaziweka karibu na kilichotokea kweli.

"Ukifungwa siku yako, kikosi hamna"

Hii ndo kubwa kuliko zote, na ndo inayovunjwa kirahisi kuliko zote.

Anza na huohuo mwaka 2021. Baada ya Zanaco tukafungwa na Rivers United nyumbani 1-0, tukaenda Nigeria tukafungwa tena 1-0, tukatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku ileile tunatolewa, tarehe 19 Septemba, Simba nao walikuwa kwenye Simba Day yao wanachapwa 1-0 na TP Mazembe. Yaani Dar nzima ilinuna siku moja, kijani na nyekundu, hamna wa kumcheka mwenzake. Siku sita baadaye tukakutana kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, Mayele akafunga, 1-0, na msimu ukaanza upya kabisa. Timu mbili zimefungwa kwenye matamasha yao mwaka mmoja, moja ikawa bingwa bila kupoteza, nyingine ikawa ya pili nyuma yake. Sa we niambie, tamasha lilikwambia ipi ni ipi?

Ukidhani ni bahati, twende 2022. Vipers ya Uganda walikuja tarehe 6 Agosti wakatupiga 2-0 mbele ya uwanja uliojaa. Watu wakaanza tena, ooh Aziz Ki, kiungo wetu mpya, ni jina tu, ooh beki imechoka. Wiki moja baadaye tukawafunga Simba 2-1 kwenye Ngao, Mayele mawili, na msimu huo tukachukua ligi, FA, na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tukakosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini (mkilingana jumla, aliyefunga mengi ugenini ndo mshindi). Halafu kitu watu wanasahau, Vipers hawakuwa timu ya kuokota njiani, kocha wao siku ile alikuwa Robertinho, ambaye Simba wenyewe walienda kumchukua miezi mitano mbele.

"Ukishinda kwa raha, ubingwa umeshaanza kunukia"

Hapa nawageukia watani. 2019 Simba Day, Power Dynamos wamekuja kutoka Zambia wakala 3, wakapata 1, mabao yote matatu ya Simba kafunga Kagere peke yake. Mtaa wetu hatukulala, vuvuzela mpaka saa saba usiku. Wiki hizohizo Simba wakakutana na UD Songo ya Msumbiji kwenye Ligi ya Mabingwa, wakatoka 0-0 kule, wakarudi uwanja wa Taifa (ndo huohuo wa Mkapa) 1-1, nje. Na hawa Simba ndo waliokuwa wametoka kufika robo fainali msimu uliotangulia! Aliyewafunga kwa mpira wa adhabu siku ile ni Luis Miquissone, na Januari wakaenda kumsajili. Mimi hii naipenda sana, maana mchezaji bora waliyempata msimu ule hawakumuona kwenye tamasha lao, walimuona alipokuwa anawatoa.

2023 ilikuwa kali zaidi kwa sababu mpinzani alikuwa yuleyule. Power Dynamos wakaja tena Simba Day wakafungwa 2-0, mzuri tu, mpira unatembea. Mwezi uliofuata ratiba ya CAF (shirikisho la soka Afrika) ikawakutanisha kwa kweli, kule Ndola ikawa 2-2 na ilibidi Chama wa Simba afunge yote mawili, marudiano Chamazi 1-1, Simba wamepita kwa bao la ugenini wakiwa wanahema. Wachezaji karibu walewale, wapinzani walewale, ila safari hii kuna kitu cha kupoteza.

Sisemi ushindi ni uongo siku zote, 2020 Simba waliwapiga Vital'O sita bila na msimu huo wakachukua ligi na kufika robo fainali Afrika. Inatokea. Ila hata saa iliyosimama inapatia mara mbili kwa siku.

Na sisi tusijitoe. Julai 2024 tulienda Bloemfontein tukawapiga Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini 4-0, tukarudi vifua mbele kama tumechukua Afrika. Nani alikuwa kocha wao? Nabi, kocha wetu wa zamani, ndo kwanza ana wiki chache pale, wachezaji hajawajua vizuri. Msimu ukaisha na wale Chiefs wakabeba Nedbank Cup, kombe lao la kwanza baada ya miaka kumi. Hawakuwa wabovu kiasi kile tulichokuwa tunawaimbia.

"Straika kafunga, tumepata namba tisa"

Kwenye zile nne za Chiefs alikuwepo Prince Dube kwenye orodha ya wafungaji. Tukasema huyu ndo mrithi wa Mayele, yamekwisha. Ligi ikaanza, Dube anakosa, Dube anagonga mwamba, Dube anaotea, Septemba, Oktoba, Novemba, hamna kitu, watu wanamzomea, wengine wanasema apelekwe kwa waganga. Desemba 19 akakutana na Mashujaa akawapiga matatu peke yake, tukashinda 3-2, na kuanzia hapo akafunguka. Kwa hiyo aliyesema Julai kwamba ni moto alikosea kwa miezi minne, na aliyesema Novemba kwamba ni garasa alikosea kwa mwezi mmoja tu. Wote wawili walikuwa mimi.

"Walioanza ndo festi ileveni ya msimu"

Hapana. Kwenye mechi ya mashindano unabadilisha wachezaji watano, basi. Kwenye mechi ya kirafiki kama hii ya tamasha sheria inaruhusu timu mbili zikubaliane idadi na mwamuzi aambiwe kabla, ndo maana unaona kipindi cha pili wanaingia watu nane kwa mpigo kama wanapanda mwendokasi. Kocha anataka kila mtu apate dakika. Mara nyingi anawatenganisha makusudi, anamuweka beki mgeni pembeni ya mkongwe aone wanaelewana vipi, anamuanzisha kinda ili ajue kama presha ya watu elfu sitini inamtetemesha miguu. Mwingine hayupo kabisa kwa sababu yuko timu ya taifa, au ana kimaumivu kidogo hamna haja ya kumlazimisha, au karatasi zake hazijafika. Hizo karatasi msizidharau, 2021 kwa Rivers United tulicheza bila baadhi ya wapya wetu sababu ITC (vibali vya uhamisho wa kimataifa) zilichelewa, yaani wapo, wazima, jezi ziko tayari, lakini hawaruhusiwi kucheza.

Na mpinzani naye anafanya hivyohivyo. Dakika ya 75 unapoona winga wako anamkimbiza beki wa wageni unashangilia kumbe yule ni kijana wa timu ya vijana kaletwa apate uzoefu.

"Wanatembea, hawana pumzi, kambi walikuwa wanakula biriani"

Hii nilikuwa naiamini mpaka juzi hapa nilipoanza kukimbia mwenyewe, kitambi kimenizidi, daktari kaniambia nipunguze. Siku ya kwanza nikakimbia vizuri. Siku ya pili nikashindwa kushuka ngazi. Misuli ikipewa kazi isiyoizoea inauma kuanzia kesho yake na inaweza kuuma siku mbili tatu, ndo mwili ulivyo, na wale jamaa kambini wanapigishwa mazoezi asubuhi na jioni, gym, mchanga, mbio, wiki tatu mfululizo. Mwalimu wa viungo hawapunguzii mzigo kwa ajili ya tamasha, mzigo unapunguzwa karibu na mechi ya pointi. Kwa hiyo unapomuona kiungo anachelewa kurudi kukaba mwezi wa nane, inawezekana kabisa kafanya kazi kubwa sana na siyo kwamba kalala. Ukimuona anatembea mwezi wa kumi hapo sasa tuongee.

Ila kuna mwingine anarudi likizo na kilo zake, huyo hata kipofu anamuona. Sitaji mtu.

"Listi imefungwa, huyu ndo tunaye mpaka mwisho"

Haijafungwa. Dirisha la usajili mara nyingi bado liko wazi siku ya tamasha. 2023 Simba walimtambulisha kipa Mbrazili, Jefferson, kwa mbwembwe zote, akaumia, akapewa thank you (akaachwa) kabla hata hatujamuona langoni. Ngao ya Jamii Tanga akadaka kijana wa nyumbani Ally Salim, akapangua penalti tatu za kwetu, tukafungwa mchana kweupe. Nani alimhesabu Ally Salim kwenye tathmini ya Julai? Mimi sikumbuki mtu. Na Novemba hiyohiyo tukawapiga 5-1, lakini hiyo hainihusu kuitaja hapa, nimeitaja tu.

Hata kocha mwenyewe habaki. Zoran aliiongoza Simba kwenye Simba Day ya 2022 wakashinda 2-0 dhidi ya St George, kufika Septemba kaondoka, timu anayo Mgunda. Gamondi wetu alipanga kikosi cha 2024 tukaondoka na vicheko vya Bloemfontein, Novemba akafukuzwa baada ya kufungwa na Azam na Tabora United. Sasa mchezaji uliyesema "hafai kwenye mfumo" na mfumo wenyewe umeondoka na begi lake Airport, tunafanyaje?

"Basi mechi hizi hazina maana yoyote"

Huu ndo upande wa pili na nao ni uongo, tena nauona kwa watu wanaojifanya wameelewa soka sana. Vipo vya kuona, ila siyo matokeo. Mimi siku hizi naangalia kipa akiwa na mpira mabeki wanasimama wapi, wanafunguka au wanajificha nyuma ya mpinzani. Naangalia timu ikipoteza mpira sekunde tano za kwanza nani anageuka na nani ananyoosha mikono kumlalamikia mwenzake, maana tabia hiyo haiji na mazoezi wala haiondoki na mazoezi. Naangalia nani anapiga kona na wanaokimbilia wanajua mpira unaenda wapi. Naangalia beki wa kushoto kama ni wa kushoto kweli au ni kulia kapachikwa, hapo ndo unajua kikosi kina pengo, haijalishi mmeshinda ngapi. Na naangalia wachezaji wa kigeni, ligi yetu ina kikomo cha kuwasajili, ukiona watatu wote wanacheza namba ileile na namba nyingine hamna mtu, hilo halitibiwi na wiki mbili za fitinesi.

Mambo manne matano hivi. Mengine yote nawaachia raundi tano za kwanza za ligi.

Na shemeji tumekubaliana mwaka huu hamna kuandika chochote kwenye grupu mpaka raundi ya tano ipite, anayekiuka ananunua kitimoto cha watu sita. Jana usiku saa nne katuma voisi noti ya dakika saba kuhusu beki wao wa kati. Nimeisevu.