Mshubiri hufa masika, si kiangazi

Kati ya mishubiri ambayo nimeitwa kuitazama ikiwa imeoza katika bustani za Nakuru, mingi ilikufa Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea, na michache sana ilikufa Februari, mwezi ambao vumbi la mji huu hufunika hata majani ya mikaratusi. Mwenye bustani hunieleza kwa mshangao kwamba aliuziwa mmea huo kwa sifa ya kustahimili ukame, akaunyima maji kama alivyoagizwa, ukavuka kiangazi salama, kisha ukalegea shinani na kuanza kunuka katika wiki ya tatu ya mvua. Mimi huomba jembe kabla ya kujibu, kwa sababu jibu huwa chini ya ardhi: shimo lililochimbwa katika udongo mgumu, likajazwa samadi, na mvua ilipofika likageuka kuwa bakuli.

Nazungumzia mishubiri ya kwetu inayopandwa kwa ajili ya maua yake, wala si Aloe vera ya kupaka ngozi, ambayo haikutoka Kenya. Katika kitalu changu ninazo hasa aina mbili. Ya kwanza ni Aloe secundiflora, inayoonekana kwa wingi nchi kavu za Baringo, Laikipia na Kajiado. Majani yake mapana hukaa kwa duara karibu na ardhi, na bua lake la maua lina matawi mengi ambayo maua yake mekundu hupangika upande mmoja tu, yakitazama juu. Ya pili ni Aloe kedongensis, iliyopewa jina la bonde la Kedong karibu na Mlima Longonot. Hii ina mashina, huota kichaka kinachoweza kumpita mtu kimo, na wafugaji na wakulima wa Bonde la Ufa wameitumia kwa muda mrefu kama wigo. Kwa bustani ndogo ya mjini mimi hupendekeza ya kwanza. Ya pili ina haja ya nafasi, na mwenye nayo asiyependa kupunguza matawi ataishia kuilaumu bure.

Niseme pia kwamba mshubiri si mkonge, ingawa madalali wa miche barabarani huviuza kwa jina moja. Vunja ncha ya jani: la mkonge lina nyuzi na halikatiki kwa urahisi, la mshubiri hukatika mara moja na kutoa utomvu wa manjano. Tofauti hii ina uzito kwa mpenda maua, kwa kuwa mkonge hutoa bua moja la maua baada ya miaka mingi kisha hufa, ilhali mshubiri uliokomaa huchanua mwaka baada ya mwaka.

Sasa turudi kwenye maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri hufungua vitundu vyake usiku, hewa ikiwa baridi, huvuta hewa hiyo ya kaboni na kuihifadhi ndani ya majani ikiwa katika hali ya asidi, kisha hufunga milango alfajiri na kutumia akiba hiyo kutengeneza chakula jua linapowaka. Usiku wa Nakuru, mji ulioko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huwa na ubaridi hata katika miezi ya joto, na mpangilio huo unaufaa mmea huu sana. Mizizi yake nayo haiendi chini kutafuta chemchemi, bali hutanda karibu na uso wa ardhi, tayari kunywa manyunyu yoyote yanayoanguka. Mizizi ya namna hiyo inahitaji hewa kuliko inavyohitaji maji. Udongo ukijaa maji kwa siku kadhaa, hewa hutoweka kwenye matundu yake, mizizi hukosa pumzi na kufa, na vimelea vya kuoza huingia kupitia mizizi hiyo hadi shinani. Majani kwa wakati huo bado yamejaa ute na yanaonekana na afya, ndiyo maana mwenye bustani hupata habari ikiwa imechelewa.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Miche yangu ishirini ya mwanzo niliipanda mwezi wa Aprili katika mashimo yaliyojaa samadi ya ng'ombe, nikaimwagilia kila jioni mvua iliposita, nikijiona mkarimu. Kufikia Juni nilikuwa na miwili. Hiyo miwili ilikuwa imepandwa ukingoni, juu ya lundo la vifusi vya ujenzi ambalo sikuwa na nguvu ya kuliondoa.

Udongo wa asili katika sehemu kubwa ya Nakuru ni wa volkano, majivu na mawe mepesi yaliyorushwa na Menengai, na ukiachwa ulivyo hupitisha maji haraka. Tatizo la bustani zetu mara nyingi huletwa na ujenzi. Nyumba ikijengwa, malori hukanyaga kiwanja kwa miezi, mabaki ya saruji huzikwa, kisha mwenye nyumba huagiza lori la udongo mwekundu au mweusi kutoka mahali pengine na kuumwaga juu ili kipendeze. Chini ya udongo huo laini kuna sakafu. Kabla ya kupanda chochote, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji ya pili yakizama ndani ya saa mbili au tatu, panda bila wasiwasi. Yakilala hadi kesho yake, usipande hapo kabla ya kuinua tuta.

Tuta langu huwa na kimo cha sentimita 25 hadi 30, nalo hulijenga kwa karai mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa, moja ya udongo wa kawaida na moja ya mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa hadi ukubwa wa punje ya hindi. Ni mawe yale yale ambayo watu husugulia visigino. Samadi, ikiwa imeoza vizuri na kukauka, ni konzi moja tu kwa shimo, na ukiikosa hakuna kitakachoharibika.

Wengi hunishangaa ninapowakataza kuweka kokoto chini ya shimo, kwa kuwa kila mtu amefundishwa kwamba kokoto "hupitisha maji". Ukweli ni kwamba maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye kokoto zenye mapengo makubwa. Huning'inia juu ya kokoto mpaka udongo wote ulio juu yake ulowe kabisa ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo tabaka la kokoto chini ya shimo huisogeza sehemu yenye majimaji karibu zaidi na mizizi. Kokoto zichanganywe ndani ya udongo wote, au zitandazwe juu, kuzunguka shina, ambako huzuia matope kurukia majani na magugu kuota.

Mche ukitolewa kitaluni au ukikatwa kutoka kwa mmea mama, ulaze kivulini siku tano hadi saba ili kidonda kikauke. Kisha uupande katika udongo mkavu, shina lisizame zaidi ya lilivyokuwa, na usiumwagilie mpaka wiki moja ipite. Najua agizo hilo huwatesa watu. Mama mmoja wa mtaa wa Section 58 alinikiri kwamba alikuwa akitoka usiku na kikombe cha maji kama mtu anayemlisha mgonjwa kwa siri. Mimi hupanda mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamepungua na ardhi ikiwa bado na unyevu chini, ili mvua za Agosti, ambazo sisi wa Bonde la Ufa tunazitegemea, ziukute mche umeanza kushika. Nafasi kati ya mmea na mmea iwe karibu mita moja, hata kama mwanzoni bustani itaonekana tupu.

Katika kiangazi cha kwanza, mpe mche wako maji ya kutosha kulowesha udongo mara moja kila wiki mbili, kwa kuwa mizizi bado ni michanga na sifa ya kustahimili ukame bado haijapatikana. Kuanzia mwaka wa pili mvua ya Nakuru inamtosha. Majani yatakuarifu hali yake: yakiwa membamba na kujikunja kwa ndani, ana kiu na atapona kwa ndoo moja, yakiwa laini, yenye rangi ya maji na ya manjano shinani, ameoza na maji zaidi ni kummaliza. Wekundu wa majani mwezi Februari si ugonjwa, ni jua tu, na rangi ya kijani hurudi na mvua.

Ugonjwa unaonisumbua kweli huletwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, ambao hufanya mmea uote vinundu vya ajabu majanini na kwenye mabua ya maua, mfano wa uvimbe. Kata sehemu yote yenye vinundu, uichome moto, na usafishe kisu kabla ya kugusa mmea mwingine. Sijaona dawa ya kunyunyizia iliyonifaa zaidi ya kisu. Wadudu gamba weupe ni rahisi: wasugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni.

Mabua ya maua usiyakate mapema. Maua ya mshubiri ni mirija yenye maji matamu chini kabisa, na yakishafunguka ndege aitwaye chozi huja tangu asubuhi, huku nyuki wakishughulikia chavua. Utomvu wa manjano wa majani ni habari nyingine: usemi wa chungu kama shubiri haukutokea hivi hivi, na utomvu huo huharisha vikali, kwa hiyo watoto wasiuchezee na mama mjamzito asiunywe.

Kuhusu kupata miche, usiende na panga porini. Mwaka 1986 uvunaji wa mishubiri pori ulipigwa marufuku kwa tamko la Rais, na kanuni za mwaka 2007 ziliruhusu biashara yake kwa leseni. Juu ya hayo, karibu mishubiri yote isipokuwa Aloe vera inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini. Muulize mwenye kitalu kama miche yake ilitokana na mbegu au vipandikizi vya shamba lake mwenyewe. Aloe kedongensis huota kutokana na kipande cha shina bila shida, lakini Aloe secundiflora mara nyingi haitoi machipukizi, hivyo njia yake ni mbegu, na ili upate mbegu unahitaji mimea miwili isiyo ya mzazi mmoja, kwa sababu mshubiri kwa kawaida haujizalishi kwa chavua yake wenyewe. Vitumba vya mbegu vikikauka na kuanza kupasuka, vikusanye, utandaze mbegu juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, na usubiri wiki mbili hadi nne. Ua la kwanza litakuja baada ya miaka mitatu au minne.

Aina hizi pia huchanganyika kwa urahisi zinapochanua pamoja. Niliwahi kuotesha trei nzima niliyoiandika secundiflora, na miche ilipokua nusu yake ikaanza kuota mashina marefu kama ya jirani yake kedongensis wa upande wa pili wa njia. Ile niliigawa bure, bila jina, na mmoja wao sasa unachanua rangi ya chungwa kando ya lango la jirani yangu.