Kiingereza cha KCSE: anza na sarufi ya Kiswahili unayoijua

Watahiniwa wengi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, hufanya mazoezi ya Kiingereza kwa njia moja: wanatafuta karatasi za miaka iliyopita, wanajibu, wanasahihisha, wanahesabu alama, kisha wanafungua karatasi nyingine. Aliyepata 9 kati ya 15 leo atapata 9 tena wiki ijayo, na makosa yatakuwa yale yale. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne hapa Pwani, na wanafunzi wangu wengi wamelelewa kwa Kiswahili tangu utotoni. Nawaambia kila mara kwamba makosa yao hayaji ovyo. Mengi yanatoka katika sarufi ya Kiswahili, na mtu anayeijua sarufi hiyo anaweza kuyaona makosa yakija kabla hajashika kalamu.

Tuangalie kwanza alama zilipo. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na 10 kati ya hizo ni za kifungu cha mapengo. Ya pili ina 80, na ndani yake swali la sarufi lina 15. Ya tatu, ya insha, ina 60. Mapengo na sarufi peke yake ni alama 25 ambazo hazikudai uwe umesoma riwaya wala tamthilia. Na sarufi mbovu haiishii hapo, maana inakufuata mpaka kwenye insha.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Mtoto anaandika: "The book which I bought it is lost." Hiyo "it" imetoka wapi? Imetoka kwenye "kitabu nilichokinunua". Kiswahili kinaruhusu "-cho-" na "-ki-" zikae pamoja ndani ya kitenzi kimoja, zote zikirejelea kitabu. Kiingereza kikishasema "which" kimemaliza, hakirudii. Ukimwambia mwanafunzi "ondoa it", ataiondoa leo na kuirudisha kesho. Ukimwonyesha ile "-ki-" inayomponza, ataanza kuitafuta mwenyewe kila anapoandika "which", "that" au "whom". Ndugu yake kosa hilo ni "My father he works in Malindi". Kiswahili hakiwezi kusema "baba kazi Malindi", lazima "a-" ya "anafanya" iwepo, na mwanafunzi anaigeuza hiyo "a-" kuwa "he".

"Although" nayo inawasumbua sana. Sisi husema "ingawa alichoka, lakini alimaliza kazi" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimojawapo: ukianza na "although", "but" haina nafasi.

Kuhusu "a" na "the", huwa nasikia walimu wakisema kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, basi mwanafunzi akariri tu. Mimi sikubaliani nao. Linganisha "nimenunua kitabu" na "nimekinunua kitabu". Ya kwanza ni kitabu chochote, msikilizaji hakijui. Ya pili ni kile tulichokuwa tukikizungumzia. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "I have bought a book" na ya pili "I have bought the book". Kwa hiyo mwanafunzi akikwama, namwambia ajiulize kama kwa Kiswahili angetia "-ki-" hapo. Njia hii haitatui kila kitu, hasa kwa watu na wanyama ambao huchukua kiambishi cha namna hiyo ("-m-" au "-wa-") karibu kila mara, ila inampa pa kuanzia.

Halafu kuna sentensi za kuandika upya, kama zile zinazoanza kwa "No sooner". Wengi huandika "No sooner we had sat down than the bell rang". Kiswahili hakigeuzi mpangilio wa maneno ili kuuliza swali, tunaongeza "je" au tunapandisha sauti tu, ndiyo maana kitenzi kisaidizi kuruka mbele ya mtenda hakutujii kwa urahisi. Zoezi langu ni fupi. Igeuze kwanza iwe swali: "Had we sat down?" Kisha bandika "No sooner" mbele yake: "No sooner had we sat down than the bell rang." "Hardly", "never" na "not only" zikianza sentensi ya namna hii, zinafuata njia hiyo hiyo, ila "hardly" huitana na "when" badala ya "than".

Kifungu cha mapengo kinahitaji utulivu. Kisome chote bila kuandika chochote, ndipo urudi mwanzo. Chukua mfano huu niliouandikia darasa langu: "Fishing is an old trade on the island, yet ___ young men are willing to take it up. They complain that the sea no longer gives them ___ it gave their fathers." Pengo la kwanza wengi hujaza "many", kwa sababu wameangalia neno linalofuata tu. Ufunguo uko nyuma, kwenye "yet", ambayo inageuza mwelekeo wa wazo. Kazi ni ya zamani, lakini vijana wanaoitaka ni wachache: "few". Tena iwe "few" tupu, maana "a few" ingesema kwamba wapo kiasi, na malalamiko yanayofuata yangepoteza nguvu. Pengo la pili hujazwa "which", kutokana na "kile ilichowapa". Lakini "which" inahitaji nomino kabla yake, na hapa haipo. Jibu ni "what", ambayo imebeba "kile" na "-cho-" kwa pamoja.

Msamiati usijifunze kwa orodha ya neno moja moja. Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha na hupiga mswaki, na hakuna aliyeketishwa akafundishwa. Aliyasikia maneno hayo yakiwa pamoja. Kiingereza nacho kiko hivyo: "make a decision", "take a photograph", "commit a crime", "pay attention". Andika neno pamoja na jirani yake. Andika pia ukoo wake, kama vile soma inavyozaa msomaji, somo na usomaji: "decide", "decision", "decisive", "indecisive". Swali la kubadilisha umbo la neno limejengwa juu ya ukoo huo.

Daftari la makosa ndilo ninalolidai kuliko kitu kingine chochote. Upande mmoja andika jibu ulilotoa, kando yake jibu sahihi, kisha sababu. Sababu "nilikosea" siipokei. Nataka kusoma "nilitafsiri -ki-", "nilifuata lakini", "sikusoma sentensi ya nyuma". Chini yake tunga sentensi mbili zako zenye muundo ule ule. Baada ya siku tatu ziba majibu, ujaribu tena, kisha urudie wiki inayofuata. Karatasi nzima, kwa kufuata muda wa mtihani, mara moja kwa wiki inatosha. Watakaofanya KCSE hadi ile ya mwisho ya 2027 bado wana nafasi ya kulijaza daftari hilo.

Siku chache kabla ya karatasi ya kwanza, usifungue karatasi mpya wala orodha mpya ya maneno. Chukua daftari, ziba upande wa majibu, jibu upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kosa ulilolijibu sawasawa mara tatu mfululizo likate kwa kalamu. Yaliyobaki bila kukatwa ndiyo ya kusoma siku hizo.