Mteremko nasibu: nani apewe wake?

"Dokta, niweke mteremko nasibu au kianzio kinatosha?" Wanafunzi wa uzamili wanaoniletea data huniuliza hivyo karibu kila wiki. Kianzio nasibu kinampa kila mtu mahali pake pa kuanzia; mteremko nasibu unampa pia kasi yake ya kubadilika. Badala ya kujibu, nafungua data za usingizi zinazokuja na lme4, kifurushi cha modeli za namna hii ndani ya programu ya takwimu R. Watu 18 walipunguziwa usingizi, muda wa saa 3 tu kitandani kila usiku, wakapimwa kwa siku 10 jinsi wanavyochelewa kuitikia ishara. Vipimo 180, kwa milisekunde. (Siku mbili za kwanza zilikuwa za mazoezi, kwa hiyo haikufaa kuzihesabu. Karibu sote tunazihesabu, na namba zangu hapa chini pia zinazo.)

Chora grafu ya kila mtu peke yake. Mtu namba 308 anakwea mlima: anachelewa kwa karibu milisekunde 22 zaidi kila siku. Namba 309 hatikisiki. Namba 335 ni kichekesho, kadiri anavyonyimwa usingizi ndivyo anavyozidi kuwa mwepesi kidogo.

Ukiweka kianzio nasibu peke yake, umeshasema kwamba hawa watatu wanatofautiana pale wanapoanzia tu, kisha wanachoka kwa kasi ileile. Modeli haitagoma. Itakupa mteremko wa jumla 10.47 kwa siku, kosa sanifu (kipimo cha shaka juu ya mteremko huo) 0.80, na t (mteremko ukigawanywa kwa kosa hilo) ya 13. Sasa mpe kila mtu mteremko wake: ongeza siku kushoto kwa mstari wima wa fomula, (1 + siku | mtu). Mteremko unabaki 10.47, ila kosa sanifu linaruka hadi 1.55 na t inashuka hadi 6.77. Ile 0.80 ilitoka wapi? Modeli ilivichukua vipimo 180 kana kwamba kila kimoja kina habari yake mpya kuhusu kasi ya kuchoka, ilhali kwa swali hilo una watu 18. Hapa athari ni kubwa, inasalimika. Kwenye tasnifu nyingi ninazoletewa, isingesalimika.

Kwa hiyo nauliza kwanza: kigeu hiki, yaani kitu ambacho athari yake inatafutwa, kinabadilika ndani ya kundi? Siku zinabadilika ndani ya mtu mmoja, jinsia yake haibadiliki. Zamani niliwahi kuwa na data za shule, kila shule imepangiwa mbinu moja ya kufundishia, mpya au ya zamani, nami nikaiomba programu mteremko wa mbinu kwa kila shule. Ilihangaika jioni nzima, ikatoa namba. Msimamizi wangu akauliza tu, "Ni shule ipi iliyotumia mbinu zote mbili?" Nikafunga kompyuta.

Pia pawe na marudio. Kigeu kikiwa cha makundi, na mtu akapimwa mara moja tu katika kila hali, mteremko wake hautengani na makosa ya kawaida ya kipimo, na lme4 itakukatalia.

Baada ya hapo ndipo ugomvi wa wakubwa unapoanza. Mwaka 2013 Barr na wenzake walisema weka kila mteremko ambao muundo wa utafiti unauruhusu. Mwaka 2015 Bates, mmoja wa watengenezaji wa lme4, na wenzake wakajibu kwamba data nyingi hazibebi mzigo huo. Mimi kigeu kinachobeba dhana kuu nakipa mteremko bila kuchungulia thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama haya kama athari haipo), na vigeu vya kusindikiza, vile visivyo vya dhana kuu, siviharakishi. Onyo la modeli kugonga ukingo (singular fit, yaani data hazitoshi kukadiria yote uliyoomba) likitokea, natazama mchepuko upi (kiasi watu wanavyotofautiana) umekuwa sifuri au uhusiano upi, mathalani wa kianzio na mteremko, umefika 1 au -1. Naanza kuondoa uhusiano, kisha miteremko ya wasindikizaji. Ule wa dhana kuu naugusa mwisho kabisa, na nikiugusa naandika wazi kwenye ripoti.

Kuondoa uhusiano ni rahisi mno, unaweka mistari wima miwili badala ya mmoja, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Kwenye data za usingizi, uhusiano kati ya kianzio na mteremko ni 0.07, ukiuondoa hupotezi kitu. Lakini hamisha sifuri, siku ya mwisho iwe ndiyo sifuri badala ya ya kwanza: watu walewale, vipimo vilevile, uhusiano unakuwa kama 0.9. Ukiuondoa hapo umeibadilisha modeli kabisa. Na kama kigeu chako ni cha makundi, si namba, ile mistari miwili haiondoi uhusiano wote. Kigeuze kwanza kuwa namba kwa mkono wako.