Kumsamehe mtunza hazina si kumrudishia funguo

Shauri la namna hii halikosi kurudi kwenye baraza la wazee, na kabla chai haijamiminwa mtu ameshasema: "Mchungaji, ndugu ametubu, tumemsamehe, tuyaache." Anayezungumziwa ni kiongozi aliyekosa: fedha za ujenzi zimepotea mikononi mwake, au amemharibu binti wa kwaya, au ameigawa jumuiya kwa uongo. Ukiuliza swali moja tu la kufuatilia, unasomewa Mathayo 7:1, "Msihukumu", na kuambiwa unavunja umoja. Nimechoka kuyasikia haya, maana wanaoumia ni walewale kila mara.

Hiyo Mathayo 7 tuisome basi hadi chini. Baada ya "msihukumu" Yesu anakataza kuwatupia nguruwe lulu, na kwenye mstari wa 15 anaonya juu ya manabii wa uongo wanaokuja wamevaa mavazi ya kondoo. Mbwa mwitu utamjuaje usipopambanua? Yohana anaagiza roho zijaribiwe, na Paulo anawaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote. Tulichokatazwa ni kujifanya Mungu na kuamua hatima ya mtu. Kudai hesabu ya sadaka hakumo humo. Basi, hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni hili la "tumemsamehe". Sisi akina nani?

Nilishaona mtunza hazina akipewa kipaza sauti Jumapili, akalia, akaomba radhi "kwa yeyote niliyemkwaza", kwaya ikaanzisha pambio na watu wakapiga makofi. Mama mmoja mjane hakupiga. Alikuwa akilipa ahadi yake ya mabati kidogo kidogo kutokana na maandazi anayouza, na stakabadhi zake zote alizikunja ndani ya Biblia, zimeshikwa na mpira. Baada ya ibada alizitoa, akazishika mbele yangu bila kuzifungua. "Baba Mchungaji, mimi hajaniomba msamaha. Ninyi mmemsamehe kwa hela zangu."

Yule mama alikuwa sahihi kuliko baraza zima. Mathayo 5:23–24 inamtaka mtu aiache sadaka madhabahuni, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Aende kwa ndugu mwenyewe. Kipaza sauti hakimfikishi huko. Wapo wanaonijibu kwa Zaburi 51, kwamba Daudi alimkosea Mungu peke yake. Hao wairudie habari ya nabii Nathani aliyemkemea Daudi: Mungu alimwondolea Daudi dhambi yake, na bado upanga haukuondoka nyumbani mwake. Torati nayo ilidai mkosaji arudishe alichochukua na aongeze sehemu ya tano, akimpa yule aliyemkosea. Zakayo mtoza ushuru akaahidi kurudisha mara nne, na Yesu hakumwambia, "Acha, umeshasamehewa."

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba na wokovu, waliyajua haya. Tangu miaka ya 1930 pale Gahini, Rwanda, na kote ulikosambaa, waliookoka walibeba vitu vya wizi wakavirudisha kwa wenyewe na kulipa madeni. Nao walishutumiwa kwamba wanavunja umoja: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri wa Uamsho. Lakini wengi wao hawakuanzisha dhehebu lao. Walibaki ndani ya kanisa na maswali yao, na kanisa halikufa kwa kuulizwa.

Sasa, kusamehe ni jambo moja na kukabidhi wadhifa ni jingine. Msamaha ninampa ndugu kwa sababu mimi mwenyewe nimesamehewa, hata mara sabini mara saba. Utunza hazina ni dhamana ya watu wengine, si mali yangu niigawe kuonyesha upendo. Aliyetubu kweli anaketi Mezani pa Bwana pamoja nasi, tunamsalimu, tunamtembelea akiugua. Funguo za sanduku zikae kwa mwingine. Na aliyemharibu binti hafundishi tena watoto wala kwaya, hata akilia damu. Shauri lake liende polisi, na kumficha kusiitwe umoja.

Najua pia kupambanua kunavyoweza kuwa ukatili. Afrika Kaskazini, baada ya mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diokletiano wa Roma, Wadonati, kundi la Wakristo lililojitenga, walikataa huduma ya maaskofu waliodaiwa kuwakabidhi watesi Maandiko. Askofu Feliksi wa Aptunga alishutumiwa hivyo, uchunguzi ukamsafisha, na mgawanyiko ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Walihitaji kosa lake kuliko walivyohitaji ukweli. Hata leo wapo wazee ambao mtu akirudi kundini wanabaki wakimkodolea macho maisha yake yote. Paulo aliwaonya Wakorintho wamfariji mwenye kutubu asije akamezwa na huzuni. Wataalamu hawakubaliani kama huyo ndiye yule aliyetengwa katika waraka wa kwanza, ila onyo linabaki.

Mashaka yangu ni juu ya muda. Toba ya kweli inaonekana baada ya miezi mingapi? Kitabu cha kanuni kitakupa namba. Mimi sina imani nayo. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia. Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa, wakagombana hadi wakaachana, na Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, hasemi nani alikuwa sahihi. Baadaye ni Paulo huyohuyo anayemwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Nikisoma hapo siku moja naona Paulo aliharakisha kukataa; siku nyingine naona bila kukataliwa kule Marko asingekomaa. Kwa hiyo mzee akiniuliza lini ndugu arudishiwe kazi, namwuliza kwanza kama ameshakwenda nyumbani kwa yule mama wa maandazi, na amepeleka nini.