Feisofu ya lakrosi: refa husimama wapi, na kwa nini hukimbia kinyumenyume

Anayetazama lakrosi, mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye kichwa cha wavu, kwa mara ya kwanza hushangazwa na kinachotokea katikati ya uwanja. Wanaume wawili wameinama wakitazamana, helmeti zao zinakaribia kugongana, fimbo zao zimelala chini sambamba. Kati ya fimbo hizo kuna mpira mdogo wa raba. Mtu wa tatu, mwenye fulana ya milia myeusi na myeupe, ameinama juu yao kama seremala anayekagua kama ubao umenyooka. Anatamka neno, anarudi nyuma bila kugeuka, kipenga kinalia, naye anazidi kurudi nyuma huku wachezaji wengine wanne wakija mbio kutoka pembeni kuelekea palepale alipokuwa ameinama.

Hiyo ndiyo feisofu. Kwa maneno machache, ni namna ya kugombea mpira mwanzoni mwa kila robo ya mchezo na baada ya kila bao, katika lakrosi ya wanaume ya uwanja mpana.

Hayo maneno "baada ya kila bao" ndiyo yanayoipa uzito. Sisi tumezoea soka, ambako timu iliyofungwa ndiyo inayoanza upya na mpira. Ni kama kupewa pole. Lakrosi haina pole hiyo. Ukifungwa, unaugombea mpira tena sawa na aliyekufunga, na mwenzako akiushinda anaweza kukufunga la pili, la tatu, hata la nne, washambuliaji wako wakiwa wamesimama tu upande wa pili wakitazama. Piga hesabu: mechi ikiisha 13 kwa 11, hayo ni mabao 24, ongeza robo nne, unapata feisofu zipatazo 28. Mara 28 refa yuleyule au mwenzake anainama katikati ya watu wawili na kuamua kama wameanza sawa. Hakuna sehemu nyingine ya mchezo huu ambako kosa dogo la refa hugeuka bao haraka namna hiyo.

Tuanze na uwanja, kwa sababu mahali anaposimama refa hakueleweki bila mistari. Uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 60, karibu sawa na uwanja wa soka ulio mwembamba kidogo. Kila timu ina watu kumi: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Kwenye feisofu watu hao hawasimami watakapo. Kipa na mabeki hubaki nyuma ya mstari wa zuio wa upande wao, yadi 20 kutoka mstari wa kati. Washambuliaji hubaki nyuma ya mstari kama huo upande wa adui. Viungo wawili husimama kwenye mistari ya winga, mmoja kila upande, yadi 20 kutoka katikati. Kiungo wa tatu ndiye anayeinama.

Kipenga kikilia, wanaoruhusiwa kuondoka ni wale wa katikati na wale wa winga tu. Mabeki, makipa na washambuliaji wa timu zote mbili hunasa walipo mpaka timu moja iwe imeushika mpira na refa ametangaza hivyo kwa sauti, au mpira uwe umevuka mstari wa zuio, au umetoka nje. Kwa hiyo kwa sekunde chache watu sita wanapigana kikumbo katikati na watu kumi na wanne wanatetemeka mistarini, kila mmoja akitaka kuiba hatua moja. Marefa huwa wawili au watatu. Hapo unaona kwamba hakuna mtu mmoja mwenye macho ya kutosha, na ndiyo sababu wanagawana uwanja kabla mechi haijaanza: nani anaingia katikati, nani anashika winga, nani anaangalia mstari upi.

Sasa twende kwa yule wa katikati.

Kwanza anahakikisha wenzake wako tayari. Huwatazama usoni na kusubiri ishara ya mkono, kwa kuwa refa wa winga ndiye anayehesabu watu. Feisofu ikichezwa timu moja ikiwa na mtu wa ziada, au mshambuliaji akiwa hajafika mahali pake, fujo inayofuata ni ya marefa wenyewe, si ya wachezaji.

Kisha anawashusha wachezaji. Kila mmoja hukaa upande wa goli analolilinda, fimbo ikiwa imelala sambamba na mstari wa kati bila kuugusa, na mwili wote ukiwa kushoto kwa kichwa cha fimbo yake. Vichwa vya fimbo vinatazamana kwa migongo, vimelingana. Mpira unawekwa chini, katikati kabisa ya migongo hiyo. Refa anakagua: je, fimbo ya mmoja imeinamia upande? Je, kuna kidole kilichogusa wavu au plastiki ya kichwa? Ili hili la mwisho lionekane, kanuni za Marekani zinamtaka mpigania feisofu azungushe utepe kwenye mpini chini ya kichwa cha fimbo, wa rangi tofauti na mpini, kichwa na glavu. Ni jambo dogo la kiakili sana: badala ya kumwambia refa akazane kutazama, wamempa rangi ya kutazamia.

Anapowakagua, refa mzuri hazungumzi sana. Humsogeza mchezaji kwa neno moja, fupi na lilelile kila mara, kwa wote wawili. Ukianza kumbembeleza mmoja na kumkaripia mwingine, kufikia robo ya pili benchi moja imeshaamua kwamba una timu yako.

Halafu inakuja amri ya "tayari". Tangu neno hilo litamkwe, hakuna kutikisika: si mkono, si bega, si kichwa. Na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kati ya "tayari" na kipenga kuna kimya kifupi, na kimya hicho hakitakiwi kuwa na urefu uleule kila mara. Fikiria mwanzishaji wa mbio za meta 100. Angekuwa anahesabu moja-mbili-paa kila siku, wakimbiaji wangejifunza mdundo wake na kuondoka bila hata kuusikia mlio. Wapigania feisofu ni hivyohivyo. Wapo wanaomsoma refa tangu mazoezi ya kupasha misuli. Refa akiwa na mdundo wa kukariri, anayeshinda ni aliyemkariri refa. Akichelewesha mno nako kuna hasara, kwa kuwa hakuna misuli inayoweza kujikaza bila kutikisika kwa muda mrefu. Mtu atajikuta ametikisika bila kukusudia, na faulo inakuwa ya refa zaidi kuliko yake.

Mwendo wa refa mwenyewe nao ni siri nyingine inayoweza kuvuja. Kama kila mara anachukua hatua mbili ndipo anapuliza, wachezaji wataacha kusikiliza kipenga na kuanza kusikiliza viatu.

Anarudi nyuma, si mbele wala pembeni kwa kugeuza mgongo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usalama: mawinga wanne wanakuja kwa kasi wakitazama mpira, hawamtazami yeye. Ya pili ni macho. Yanayotokea nusu sekunde baada ya kipenga ndiyo anayotakiwa kuyaamua, na aliyegeuka hawezi kuyaona. Makosa ya pale ni mengi na yote ni ya karibu: kuugusa mpira kwa mkono, kuubana chini kwa fimbo na kuulalia bila kuusogeza, kuipiga teke au kuikanyaga fimbo ya mwenzako, kuubeba mpira mgongoni mwa fimbo. Anayekosa hupoteza mpira hapohapo, na mchezo unaendelea kwa haraka. Timu ikirudiarudia makosa hayo katika nusu moja ya mchezo, adhabu hupanda na kuwa ya sekunde 30 za kucheza pungufu.

Mimi naona kosa gumu kuliko yote kuamua ni lile la kubana. Kubana mpira kwa mgongo wa fimbo ni halali. Ndiyo mbinu ya kwanza anayofundishwa kijana. Kuubana na kukaa nao ndiko haramu. Mpaka kati ya hayo mawili ni muda, na kila refa ana saa yake kichwani. Ndiyo maana makocha hupenda kumwuliza refa kabla ya mechi atavumilia kiasi gani, naye akiwa na busara huwajibu makocha wote wawili kwa maneno yaleyale.

Wakati yeye ameukazia macho mpira, refa wa winga ana kazi isiyomfanya aonekane runingani. Anaangalia kama winga ameondoka kabla ya kipenga, kama amemsukuma mwenzake mgongoni njiani, na kama mtu yeyote amevuka mstari wa zuio kabla ya kuruhusiwa. Kishawishi chake kikubwa ni kutazama mpira kama watazamaji wengine. Akikubali kishawishi hicho, marefa wawili watakuwa wanatazama kitu kimoja na uwanja uliobaki hauna mwenyewe.

Timu ikishaushika mpira, umbo zima linabadilika. Goli linaloshambuliwa sasa linahitaji mtu karibu yake, kwa hiyo refa aliye upande huo hukimbilia usawa wa mstari wa goli: huyo ni refa wa mbele, anayeamua kama mpira umeingia na kama mshambuliaji amekanyaga duara la kipa. Mwingine hubaki juu, refa wa nyuma, akiangalia wanaokabana mbali na mpira na yule anayegongwa baada ya kupiga shuti. Kama wako watatu, wa tatu hushika upande wa pili peke yake. Lengo ni wachezaji wote wabaki ndani ya pembe ya macho ya marefa, wasiwe nyuma ya mgongo wa yeyote. Na mpira ukiporwa, majina yanabadilishana: aliyekuwa nyuma anakuwa wa mbele kwa kukimbia kuelekea goli la pili, na aliyekuwa mbele anakuja taratibu nyuma ya msafara.

Feisofu imezaa hata aina yake ya mchezaji. Wamarekani humwita fogo, herufi za kwanza za maneno yanayomaanisha "pigania mpira, kisha toka". Huyu huingia, huinama, akishinda huutoa mpira na kukimbilia benchi. Trevor Baptiste ni mmoja wa waliong'ara kwa kazi hii; alikuwa mwaka wa kwanza tu Chuo Kikuu cha Denver kilipotwaa ubingwa wa NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwaka 2015. Kadiri mafogo walivyozidi kuwa mabingwa wa kubana, ndivyo NCAA ilivyozidi kubadili kanuni. Kuanzia msimu wa 2021 ilikataza kupiga goti, na ikakataza mshiko wa pikipiki, yaani kushika mpini viganja vyote vikitazama chini kama dereva wa bodaboda. Sasa wanachuchumaa kwa miguu miwili, mkono mmoja kiganja juu. Kwa refa hiyo ni nafuu: goti lililogusa nyasi halina mjadala.

Wanawake hawana feisofu. Wao wana "dro": fimbo huinuliwa juu ya usawa wa nyonga, mpira ukabanwa kati ya migongo ya nyavu, na kipenga kikilia wote wawili huvuta kwenda juu. Mpira lazima upande kupita vichwa vyao. Mwamuzi pale hutazama angani zaidi kuliko ardhini.

Mchezo wenyewe asili yake ni mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, ambao hadi leo huingiza timu yao ya taifa kwenye mashindano ya dunia. Kanuni zilizoandikwa zilitokana na daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, mwaka 1867. Kwetu huku umefika juzi tu. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la wanaume, Denver mwaka 2014, na wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walicheza la kwao Peterborough, Kanada, mwaka 2019.

Atakayeusubiri mchezo huu kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 ajue kwamba ataona feisofu chache mno. Utakaochezwa pale ni wa wachezaji sita kwa sita, katika uwanja wa meta 70 kwa 36, robo nne za dakika nane. Huko mpira hugombewa mwanzoni mwa robo tu. Baada ya bao, kipa aliyefungwa huutoa mpira wavuni na kuuanzisha mwenyewe, saa ya sekunde 30 za kupiga shuti ikianza kukimbia. Kikosi kina watu 12 tu, kwa hiyo hakuna kocha atakayempa nafasi mtu ambaye kazi yake ni kuinama mara nne na kutoka. Refa naye ataweka mpira chini mara nne, na muda uliobaki atakuwa anakimbia kutoka goli moja hadi jingine.